Mkunga wa Kismayu na Barua Zake

Siku ya kwanza alipoingia chumbani kwangu nilikuwa nimelala na mtoto wa siku tatu, na hakunipa hata pole ya uzazi. Alivua baibui lake, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kiti, kisha akaniuliza uchungu ulianza saa ngapi, mtoto alitoka saa ngapi, na kondo la nyuma lilifuata baada ya dakika ngapi. Nikaanza kumsimulia nilivyoumia tangu alfajiri. Alinisikiliza kidogo, halafu akanyanyua kidole.

“Sijakuuliza maumivu, mwanangu. Nimekuuliza saa.”

Hamriya nzima, mtaa wetu hapa Maskati, walimwita Mkunga, nami nitamwita hivyo hivyo. Cha ajabu ni kwamba katika miaka yote aliyoishi Maskati hakumzalisha mwanamke hata mmoja. Vyeti vyake vilibaki Kismayu, ndani ya kabati la chuma la hospitali, na vita vilipofika mjini hakuna aliyekwenda kufungua kabati. Hospitali za hapa haziwezi kumpokea mtu kwa maneno yake matupu. Basi kazi aliyoipata ilikuwa kukanda wazazi. Sisi tuliotoka Unguja, hata baada ya miaka ishirini Omani, mzazi akirudi nyumbani lazima akandwe kwa maji ya moto na mafuta, afungwe tumbo, anyweshwe uji wa pilipili manga, mpaka arubaini yake ikatike. Mama yangu aliulizia kwenye hitima moja, akaambiwa yupo mwanamke kutoka Somalia anayekaa na dada yake nyuma ya maduka ya vitambaa, anasema Kiswahili, mikono yake mizuri lakini mdomo wake mkali. Mama akasema mdomo atauvumilia.

Kiswahili chake kilituchekesha, kisha kikatushangaza. Kilikuwa Kiswahili cha Wabajuni wa Kismayu, na katika nyumba yetu, ambamo tulidhani tunaijua lugha hii kwa urithi, alituonyesha kwamba ina vyumba ambavyo hatujaingia. Moja kwake ilikuwa “moya”, macho yalikuwa “mato”, na nchi ilikuwa “nti”. Siku ya pili alisimama kwenye mlango wa chumba cha kuogea akamwita mama: “Ndoo.” Mama akaenda jikoni, akarudi na ndoo. Mkunga akaitazama ile ndoo, akamtazama mama, akasema tena, polepole, “Ndoo.” Mama akaenda kuleta ya pili. Mimi kitandani nilicheka mpaka mshono ukanivuta, na ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa akimwambia mama njoo. Tangu siku hiyo wakawa mashoga, na mama alipotaka kumchokoza alimkaribisha mlangoni kwa ndoo mkononi.

Arubaini yangu ilipokatika, yeye hakukatika. Alikuja kila Jumanne jioni, akanywa kahawa, akauliza mtoto amelala saa ngapi na ameamka saa ngapi, akaondoka. Nami nikaanza kumdadisi. Nimekulia kati ya wazee wanaoitaja Unguja kwa pumzi ndefu. Wakisema Forodhani, macho yao yanakwenda mbali na ukumbini kunakuwa kimya. Nilidhani na huyu, akiulizwa Kismayu, atavuta pumzi. Hakuvuta. Alinieleza mji wake kama mtu anayekuelekeza duka la dawa.

Kutoka hospitali hadi Majengo, alisema, ni dakika kumi na mbili ukiwa na tochi, ishirini bila tochi. Hadi bandarini ni mwendo wa nusu saa, lakini mabaharia hawazai, kwa hiyo kule alikwenda mara chache. Kiwanda cha nyama kilikuwa nje ya mji, na upepo ukitoka upande huo wajawazito wa miezi mitatu walikuwa hawatoki ndani. Mchanga ulikuwa unatembea. Vilima vya mchanga nyuma ya mji vilisogea mwaka hadi mwaka, na kulikuwa na nyumba ya ukingoni ambayo mlango wake ulizikwa hadi usawa wa kitasa. Mkunga alimzalisha mama wa nyumba ile watoto wanne: wa kwanza aliingia kumpokea kwa mlango, wa pili kwa mlango akiinama, wa tatu na wa nne kwa dirisha.

“Na wa tano?” nilimuuliza.

“Wa tano walikuwa wamehama. Watu wa Kismayu wabishi, lakini si kiasi hicho.”

Nje ya mji hesabu yake ilibadilika ikawa ya masaa. Gobwen, pale Mto Juba unapoingia baharini, ni saa moja kwa gari la hospitali kama gari lina nia. Kuna siku aliachwa ng’ambo ya mto, gari halipiti kwa matope, akavushwa kwa mtumbwi na mwanamume aliyekuwa akipiga maji kwa kasia mbele yao ili kuwatisha mamba. Mjamzito alikuwa mke wa huyo mwanamume. Jamame, kwenye mashamba ya ndizi, wanawake walijifungua msimu wa kukata, na yeye alirudi mjini juu ya lori la ndizi, amekaa kwenye mikungu kama malkia. Koyama, kisiwani, ni nusu siku kwa mashua. Aliitwa huko kwa haraka asubuhi moja. Alipofika alimkuta mama ameshajifungua mwenyewe na ameinama jikoni anapika. Mama yule akampa chai, akamwomba radhi kwa kumsumbua.

Nilikuwa nikirudi kazini na picha hizi kichwani. Nilikuwa mfasiri katika ofisi ndogo ya tafsiri huko Ruwi, Kiarabu kwenda Kiingereza na Kiingereza kwenda Kiarabu, vyeti vya ndoa, mikataba, hukumu za mirathi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na sijawahi kufika Afrika tangu nibebwe kutoka huko nikiwa mdogo. Mji wa kwanza wa Afrika nilioujua kwa mitaa yake haukuwa wa wazee wangu. Ulikuwa wake.

Alikuwa na mambo yake. Wali aliula na ndizi mbivu pembeni, tonge moja la wali, pande moja la ndizi, na mama yangu alivyoona mara ya kwanza alidhani anachanganya chakula na matunda kwa sababu ana haraka. Tambi pia alizila hivyo hivyo. Mikono aliiosha mpaka kwenye viwiko hata kabla ya kupokea kikombe cha kahawa. Watoto aliowapokea alisema wanapita elfu kadhaa, na yeye mwenyewe hakuzaa, na kelele za watoto zilimchosha. Akishamkanda mzazi na kumwogesha kichanga, alimrudisha kichanga haraka kwa mama yake, kama mtu anayerudisha chombo cha watu. Mwanangu alipoanza kutambaa alimfuata Mkunga chini ya meza. Mkunga akanyanyua miguu, akaendelea kunywa kahawa.

Kuhusu ukweli alikuwa mgumu kama jiwe, na papo hapo alikuwa mwongo katika mambo mawili. La kwanza ni umri wake, ambao ulikuwa ukipungua kadiri miaka ilivyokwenda. La pili ni sura za watoto. Mtoto mwenye uso wa kukunjana kama kitambaa kilichotolewa mfukoni, yeye alimwambia mama yake bila kupepesa kwamba mzuri kama huyu hajamwona. Nilimbana siku moja, nikamuuliza vipi mtu anayeapa kwamba hasemi asichokiona anawaambia wazazi maneno hayo.

“Lile si neno,” alijibu. “Lile ni dawa. Siku ya tatu mzazi analia bure. Unampa.”

Ijumaa moja mume wangu alituchukua kwa gari hadi Qantab, kijiji cha wavuvi, mimi, mama na Mkunga. Tulitandika mkeka karibu na maji. Sisi sote tuliketi tukiitazama bahari. Mkunga akaketi ameipa mgongo. Alikaa hivyo mchana kutwa, uso wake kwenye ile milima myeusi mikavu iliyosimama juu ya kijiji. Nilijua kwamba watu wa Kismayu walikimbia kwa mashua wakati wa vita, wamejazana, na kwamba si mashua zote zilizofika Mombasa. Nikamkonyeza mume wangu anyamaze. Mama alisoma dua kimoyomoyo. Tulikula samaki kwa upole kama watu waliokwenda kutoa mkono wa rambirambi. Tuliporudi, karibu na Hamriya, nilijikaza nikamuuliza kama bahari inamkumbusha mabaya.

Akashangaa. “Bahari nimeiona maisha yangu yote. Ule mlima nimeuona leo. Hauna hata mti mmoya, unasimama vipi?” Kisha akaongeza kwamba kwao ukishapanda mchanga umefika juu ya dunia, hakuna zaidi. Mume wangu alicheka mpaka akapunguza mwendo. Mimi sikucheka, niliona aibu kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimempangia huzuni yake kabla sijamuuliza.

Barua zilianza kama mwaka wa nne wa kujuana kwetu. Watu wa Kismayu walikuwa wametawanyika: Mombasa, Nairobi, kambini mpakani, Yemen, Ulaya, Kanada. Mtu aliyefika mbali alitaka kumwita mkewe na watoto, na balozi za nchi hizo zilidai ushahidi kwamba watoto ni wake. Vyeti vya kuzaliwa havikuwepo. Vilikuwa kwenye kabati lile lile la chuma, au vimeungua, hakuna aliyejua. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba mkunga aliyempokea mtoto wake yuko hai, yuko Maskati. Akapiga simu. Baada yake wakapiga wengine.

Mkunga alikuja kwangu. Alisema ushahidi wa mkunga unakubaliwa kama umeandikwa vizuri kwa Kiingereza na kupigwa mhuri wa mfasiri. Nikakubali, na Jumanne zetu zikawa za kazi. Yeye alisema, mimi niliandika kwa Kiswahili, nikamsomea, akasahihisha. Kesho yake ofisini nilitafsiri na kupiga mhuri, jioni akatia saini.

Shida ilikuwa tarehe. Mkunga alikumbuka saa ya kila mtoto lakini mwaka aliukumbuka kwa matukio: mwaka mto ulipomwaga hadi kwenye mashamba, mwaka wa surua, mwaka hospitali ilipopakwa rangi ya kijani. Balozi hazitaki rangi ya hospitali. Basi nilijifunza kumuuliza kama yeye alivyoniuliza mimi. Huyu alizaliwa kabla ya yule au baada? Mvua ilikuwa imeanza? Ramadhani ilikuwa jua kali au baridi? Tukaunganisha mtoto na mtoto, mwezi na mwezi, na kufika mwisho wa mwaka ule nilikuwa na daftari lenye karibu kila nyumba ya Majengo, nani alizaliwa wapi na nani alikuwa jirani yake. Nilikuwa nikilisoma mchana ofisini, kazi ikipungua, kwa hamu ya mtu anayesoma riwaya.

Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Alishuhudia aliyempokea kwa mikono yake, na alishuhudia alivyompokea. Asiyempokea hakumwandikia. Mwanamume mmoja alisafiri kutoka Dubai kumwomba awaandike wapwa zake kuwa wanawe. Baba yao ameuawa, yeye ndiye baba waliye naye. Mkunga alimpa kahawa, akamsikiliza, akamkatalia. Mtu mzima yule alikaa kwenye ngazi za jengo akalia, na majirani wakampita wameangalia pembeni. Nilimwambia Mkunga kwamba neno moja tu lingewaokoa wale watoto.

“Nikisema moya la uongo,” alisema, “yale mengine yote yatakuwa nini?”

Ndipo ikaja habari ya wasichana wawili. Ami yao alikuwa hapa Maskati, dereva wa lori la maji, mtu mpole aliyevua viatu hata kabla ya kufika kwenye mlango. Kaka yake alikuwa Ulaya, mke wa kaka yake amefariki Mombasa kwa maradhi, na wasichana wawili, mmoja wa miaka kumi na mmoja wa tisa, walikuwa wakilala kwa watu. Alitaka barua ya kuwapeleka kwa baba yao.

Mkunga aliwakumbuka wote wawili mara moja. Alifumba macho akaniambia niandike. Mkubwa alimpokea Majengo, saa tisa na robo alasiri, mama yake ni mke wa yule bwana wa Ulaya. Mdogo alimpokea nyumba ya pili kutoka pale, miezi kumi na minne baadaye, saa kumi na moja alfajiri, na mama yake alikuwa jirani. Jirani na mumewe walikufa njiani wakati wa kukimbia, na mke wa bwana yule akamchukua mtoto, akamlea na wa kwake kama ndugu. Mtoto mwenyewe hajui. “Andika hivyo,” alisema. “Na andika mwisho: mimi mkunga naomba wasitenganishwe.”

Ami alikuwa amekaa pale pale. Akamwomba, kwa sauti ya chini, aandike tu kwamba ni dada. Mkunga akamwambia kwamba ndivyo alivyoandika. Mtu mwenye akili akisoma ataona ni dada. Ami akanitazama mimi. Nikaikunja karatasi nikaitia mkobani.

Kesho yake ofisini niliiweka karatasi ile mbele yangu kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Nilizijua fomu zile. Nilizifasiri kila wiki. Hazikuwa na nafasi ya jirani aliyekufa njiani. Zilikuwa na kisanduku cha baba, kisanduku cha mama, na kisanduku cha mtoto. Mwanangu alikuwa na miaka mitano, na nilikuwa na wa pili tumboni. Niliandika kwa Kiingereza kwamba mkunga amewapokea wasichana wote wawili kutoka kwa mama mmoja, nikaweka majira na saa kama alivyosema, nikaacha mengine. Nikapiga mhuri. Jioni nilimsomea Mkunga kwa Kiswahili, kutoka kwenye karatasi yake, neno kwa neno kama alivyolisema. Yeye Kiingereza hakukijua. Alijua Kitaliano cha hospitali na Kisomali cha serikali. Akatia saini yake kwenye ile ya Kiingereza, herufi kubwa zilizonyooka, akapulizia wino ukauke.

Miezi sita baadaye ami alikuja na bakuli kubwa la haluwa. Wasichana wote wawili wamepokelewa, wameshapanda ndege. Alimshukuru Mkunga mpaka akakosa maneno, na mimi alinishukuru kwa kuinamisha kichwa tu, nadhani alijua. Mkunga aliila haluwa ile kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. “Unaona?” aliniambia. “Walisoma, wakaelewa.” Nikasema ndiyo.

Kumbe palikuwa na jambo ambalo sikulifikiria. Tangu siku ile Mkunga akawa na mfano. Kila aliyepiga simu na ombi la kupindisha, alimpa kisa cha wasichana wawili: semeni ilivyo, kule kuna watu wanaosoma, mimi nimeona. Watu walimwamini, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kubuni. Na mimi nilikuwa nimekaa kando yake, kalamu mkononi.

Mwaka uliofuata mwanamke mmoja akapiga simu kutoka Nairobi. Mumewe yuko Kanada, na yeye ana watoto watatu. Wawili ni wa tumbo lake. Wa tatu ni mtoto wa marehemu dada yake, aliyemchukua akiwa na wiki mbili, na Mkunga aliwapokea wote watatu. Mwanamke yule alitaka kuwaandika watatu sawa. Mkunga akampa kisa cha wasichana. Walizungumza muda mrefu. Nilisikia sauti ya mwanamke yule ikipanda, kisha ikashuka, mwishoni ikasema haya, andika ilivyo, nakuamini.

Niliandika ilivyo, na safari hii nilitafsiri ilivyo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ofisini palikuwa na mfasiri mwingine aliyekamatwa ameongeza jambo kwenye cheti, akafukuzwa siku hiyo hiyo, na mkubwa wetu alituita sote akatuambia maneno mazito. Niliogopa. Nilikuwa na kichanga nyumbani na mume wangu alikuwa amebadilisha kazi. Nilijiambia pia kwamba labda Mkunga yuko sahihi, labda kweli kuna mtu kule anayesoma akaelewa. Nilijiambia hilo kwa nguvu.

Jibu lilikuja baada ya karibu mwaka. Mwanamke na watoto wawili wamekubaliwa. Wa tatu si wake, hakubaliwi. Mwanamke hakwenda. Aliwasafirisha wale wawili peke yao kwa baba yao, yeye akabaki Nairobi na mtoto wa dada yake.

Mkunga alikaa kwetu na habari hiyo jioni nzima, kahawa ikapoa. Hakumlaumu mtu. Alisema labda hakueleza vizuri. Akaniomba nimtafutie nakala ya barua ya wale wasichana, tuzilinganishe, tuone ni neno gani lililokuwemo mle likakosekana humu. Nikamwambia nakala hakuna. Ilikuwepo, kwenye mtoto wa meza yangu, chini ya daftari.

Baada ya hapo barua zilipungua, kisha zikakoma. Waliokuwa wa kwenda walikwenda. Mama yangu akafariki, na Jumanne zikafa naye. Sisi tukahamia Seeb. Nilimtembelea Mkunga sikukuu mbili kwa mwaka, kisha moja, kisha nikawa natuma haluwa na salamu. Kila nilipopanga kwenda, lile neno nakala lilinirudia, nikaahirisha.

Nilikwenda mara ya mwisho katikati ya miaka ya elfu mbili, baada ya dada yake kunipigia simu na kusema macho ya Mkunga yameingia ukungu na anaulizia wageni ambao hawaji. Walikuwa bado kwenye jengo lile lile. Nilimkuta amekaa karibu na dirisha, amenyooka kama zamani, mikono yake imelala mapajani. Alinitambua kwa hatua. Akaniuliza wanangu wana urefu gani, si miaka mingapi. Nikanyanyua mkono nikamwonyesha, kisha nikakumbuka haoni vizuri, nikauchukua mkono wake nikauinua hadi usawa ule. Akasema lahaula, akacheka.

Sikuwa nimepanga kusema siku hiyo. Ila alianza mwenyewe kuwataja wale wasichana. Alisema mkubwa ameolewa na mdogo anasomea uuguzi, ami yao amemletea habari. Alisema kila baada ya sala amekuwa akimwombea dua yule mtu wa ubalozi aliyeisoma barua yao akaelewa. Miaka yote ile. Hamjui jina, anamwombea tu kama mja wa Mungu.

“Bi Mkunga,” nilisema, “hakuna aliyeelewa. Mimi niliandika kwamba wote wawili ni wa mama mmoja.”

Hakushtuka. Aliuliza swali alilolijua. “Saa ngapi?”

Nikamwambia: asubuhi ofisini, kabla ya adhuhuri, siku moja baada ya yeye kuisema. Nikamwambia na jioni nilivyomsomea karatasi nyingine. Nikamwambia kuhusu nakala. Dada yake alikuwa jikoni. Tulimsikia akifunga bomba la maji.

Nilitegemea aseme nimetia doa kwenye saini yake. Nilijiandaa kwa hilo, na nilikuwa na majibu.

“Uongo wako ni wako,” alisema Mkunga. “Wale watoto wako pamoja, Mungu atakuuliza Yeye, si mimi. Lakini mimi umeniacha nawaelekeza watu njia ambayo haipo.”

Majibu yangu yote yalikuwa ya swali jingine. Nikalia. Hakunizuia na hakunibembeleza. Alingoja kama alivyozoea kungoja, kwa kazi yake, kisha akaniuliza kama nina namba ya yule mwanamke wa Nairobi. Ilikuwa ndani ya daftari, na daftari nilikuwa nalo kwenye mkoba. Sijui kwa nini siku ile nililibeba. Dada yake akaleta kadi ya simu. Nikabonyeza tarakimu zile ndefu mara mbili, nikakosea, mara ya tatu ikaita.

Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenyewe. Mkunga alijitaja, akamsalimu, akamuulizia afya. Kisha akamwambia kwa Kiswahili chao cha Kismayu, bila kupamba, kwamba kisa cha wasichana wawili aliompa hakikuwa kweli, kwamba yeye hakujua, na kwamba leo amejua. Hakunitaja. Nilimnyooshea mkono anipe simu nijitaje mwenyewe; akausukuma mkono wangu.

Sauti ya mwanamke upande wa pili ikaanza, na kwa kuwa chumba kilikuwa kitulivu niliisikia. Haikupiga kelele. Ilisema kwamba mwanawe mkubwa ameoa huko Kanada na yeye hakuwepo. Ilisema binti yake akipiga simu siku hizi anatafuta maneno, Kiswahili kinamtoka kwa shida. Ilisema kijana aliyebaki ni mzuri, anafanya kazi, lakini amejua sababu ya yeye kubaki, na tangu alipojua hakai nyumbani. Mkunga hakujitetea. Alisema “enhe” na “niambie”, na kichwa chake kilikuwa kimeinama upande wa simu kama mtu anayesikiliza tumbo.

Sauti ilikuwa bado inasema kadi ilipokwisha. Mkunga alikaa na simu sikioni hadi alipohakikisha imekatika. Kisha akageuza yale macho yenye ukungu upande niliokuwa nimekaa.

“Shuka dukani ukanunue nyingine,” alisema. “Hajamaliza.”